Ushirikiano wa Sekta ya Ndege katika Kupunguza Hewa Ukaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa kila ndege na mabadiliko ya tabianchi yanapotajwa pamoja: nani anawajibika, mafuta mapya yanatoka wapi, na kama ahadi za pamoja za sekta hii ni kazi au ni maneno tu. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Usafiri wa ndege unachangia kiasi gani cha hewa ukaa duniani?

Takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa inayotokana na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Wanaoitetea sekta husema kiasi hicho ni kidogo. Wanaoilaumu hukumbusha kwamba kinatoka kwa wachache, kwa kuwa walimwengu wengi hawapandi ndege hata mara moja kwa mwaka. Wote wawili wanasema kweli.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Wapo wanaoshangaa gesi kuwa nzito kuliko mafuta yaliyoizaa, lakini hakuna kiinimacho hapo: kaboni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni ndio unaojumlishwa. Kwa hiyo anayepima mafuta yanayoingia kwenye tangi amekwisha kupima hewa ukaa itakayotoka, na sekta hii haina kisingizio cha kutojua inachotoa.

2. Kwa nini kila shirika lisipunguze la kwake, badala ya kungoja ushirikiano?

Kwa sababu shirika la ndege linamiliki sehemu ndogo sana ya safari yake. Ndege imeundwa na Airbus au Boeing, injini imetoka kwa mtengenezaji mwingine, mafuta yanaletwa na kampuni yenye bomba na matangi uwanjani, njia ya angani inatolewa na waongozaji wa ndege, na muda wa kusubiri kabla ya kuruka unategemea foleni. Rubani stadi anaweza kuokoa mafuta kidogo hapa na pale, lakini hawezi kujinyoshea njia aliyopangiwa.

Sababu ya pili ni gharama. Mafuta huchukua kati ya robo na theluthi ya matumizi ya shirika. Atakayenunua mafuta safi ya bei kubwa peke yake atalazimika kupandisha nauli, na abiria watahamia kwa mshindani wake siku hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni mipaka. Ndege inayotoka Nairobi kwenda Amsterdam, ikiwa na abiria waliounganisha safari kutoka Entebbe na Dar es Salaam, inachafua hewa ya nani? Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 haikulimaliza swali hilo. Iliziachia nchi zilishughulikie kupitia ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga lenye makao yake Montreal.

3. Ni ahadi gani hasa zimetolewa kwa pamoja?

Mwaka 2009 wadau wa sekta, wakiwemo watengenezaji, viwanja na mashirika, waliahidi kuboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 1.5 kila mwaka, kuzuia ongezeko la hewa ukaa kuanzia 2020, na kufikia nusu ya kiwango cha 2005 ifikapo 2050. Oktoba 2021, katika mkutano wake uliofanyika Boston, IATA iliongeza uzito: kufikia mizania ya sifuri ifikapo 2050. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2022, nchi wanachama wa ICAO zilipitisha lengo la namna hiyohiyo.

IATA na ICAO huchanganywa mara nyingi, nazo si kitu kimoja. IATA ni umoja wa mashirika ya ndege. ICAO ni umoja wa serikali. Zaidi ya hayo, lengo la ICAO ni la dunia nzima kwa jumla na halikuigawia nchi yoyote fungu lake, jambo lililorahisisha makubaliano na ambalo pia ndilo udhaifu wake mkubwa.

4. «Mizania ya sifuri» maana yake ndege hazitatoa hewa ukaa tena?

Hapana. Maana yake ni kwamba hewa ukaa inayotoka ilingane na inayoondolewa au kufidiwa. Msomaji akitaka kuielewa ahadi yoyote ya sekta hii, atenganishe mambo matatu. La kwanza ni kupunguza mafuta yanayochomwa. La pili ni kubadilisha asili ya mafuta, ili kaboni inayotoka kwenye injini iwe ile iliyokwisha kuvutwa na mimea kutoka hewani. La tatu ni kufidia, yaani kuchoma kama kawaida na kumlipa mtu mwingine apunguze mahali pengine.

Katika mpango wa IATA wa 2021, takriban asilimia 65 ya safari ya kufikia sifuri ilitarajiwa kutoka kwenye mafuta endelevu, asilimia 13 kwenye teknolojia mpya za ndege, asilimia 3 kwenye uendeshaji bora wa safari na miundombinu, na asilimia 19 kwenye kufidia pamoja na kunasa kaboni. Kwa maoni yetu fungu hili la mwisho linafaa kusomwa kwa jicho kali kuliko mengine, kwa kuwa sehemu yake kubwa haiguswi na injini ya ndege hata kidogo.

## Mafuta

5. Mafuta endelevu ya ndege ni yapi, na yanatofautianaje na ya kawaida?

Ni mafuta yanayotengenezwa kutokana na vitu visivyochimbwa ardhini: mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, shahamu ya wanyama, mbegu za mimea isiyo chakula, taka za mashambani na za mijini, au hewa ukaa yenyewe ikiunganishwa na haidrojeni kwa nguvu ya umeme safi. Kwa kifupi huitwa SAF.

Kabla ndege haijajazwa, mjazaji huchota sampuli kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga kuona kama ni safi na ang'avu, kisha akaipima kama ina maji. Ukimwekea chupa mbili, moja ya mafuta ya kawaida na nyingine iliyochanganywa na SAF, hataweza kuzitofautisha kwa macho, na hilo ndilo kusudio: mafuta hayo yanapita katika bomba lilelile, tangi lilelile na injini ileile. Tofauti ipo kwenye mzunguko wa kaboni. Ukihesabu tangu malighafi hadi kwenye injini, aina bora za SAF hupunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 80.

Kwa sasa mchanganyiko unaoruhusiwa katika safari za kawaida hauzidi asilimia 50. SAF nyingi hazina kemikali ziitwazo aromati, ambazo ndizo zinazovimbisha kidogo mipira ya kuzibia mafuta isivuje. Novemba 28, 2023, ndege ya Virgin Atlantic aina ya Boeing 787 iliruka kutoka London hadi New York kwa SAF tupu, kwa kibali maalumu, baada ya asilimia 12 ya mafuta hayo kuwa aromati zilizotengenezwa bila petroli. Safari hiyo moja iliwahitaji mtengenezaji wa ndege, mtengenezaji wa injini, Rolls-Royce, vyuo vikuu vya Sheffield na Imperial, na wadhibiti wa pande mbili za Atlantiki.

6. Je, Afrika Mashariki imewahi kuyatumia?

Ndiyo. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa SAF kutoka kampuni ya Eni, na kuwa shirika la kwanza la Kiafrika kufanya hivyo katika safari ya masafa marefu. Safari hiyo ilikuwa sehemu ya mashindano ya muungano wa SkyTeam, ambamo mashirika hushindana kuruka kwa hewa ukaa kidogo kisha hufunuliana mbinu zao.

Upande wa malighafi, mwaka 2022 Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, na mafuta yake yakaanza kusafirishwa kwenda Gela, Sicily. Mbegu hizo ni za mbarika, pamba na krotoni, mti ambao Wakikuyu huuita mukinduri. Tatizo ni lilelile la korosho ghafi ya Mtwara: mbegu zinakamuliwa kwetu, lakini usafishaji unaoleta faida kubwa uko ng'ambo, na hata yale mafuta ya safari ya Mei 2023 yalitengenezwa Italia. Ushirikiano unaoishia kwenye gunia la mbegu ni wa upande mmoja.

7. Kilimo cha mafuta ya ndege hakitachukua ardhi ya chakula?

Kinaweza, kisipodhibitiwa. Mbarika hutajwa sana kwa sababu mbegu yake ni sumu, haishindani na sahani ya mtu, na mmea wenyewe huvumilia ukame. Matunda yake yakianikwa juani hupasuka yenyewe na kurusha mbegu, kwa hiyo mkulima hahitaji mashine ili kuanza. Hata hivyo, sumu ya mbegu haizuii mtu kung'oa mahindi akapanda mbarika endapo bei itamvutia. Ndiyo maana vyeti vya uendelevu vinavyotambuliwa na ICAO huuliza ardhi ilikuwa na nini hapo awali, na shamba lililotokana na msitu uliofyekwa baada ya mwanzo wa 2008 halikubaliki.

8. Kama SAF ni nzuri hivyo, kwa nini ni adimu?

Kwa bei na kwa woga wa mwekezaji. SAF huuzwa mara mbili hadi tano ya bei ya mafuta ya kawaida, kutegemea aina na mahali. Mwaka 2024 dunia ilitengeneza takriban tani milioni moja, sawa na asilimia 0.3 tu ya mafuta ya ndege yaliyotumika. Benki haikopeshi kiwanda kisicho na mnunuzi wa uhakika, na mnunuzi hasaini mkataba wa miaka kumi kwa mafuta ambayo hayajaonekana.

Mduara huo umevunjwa kwa njia mbili. Moja ni ununuzi wa pamoja: mwaka 2021 na 2022 mashirika ya muungano wa oneworld yalitangaza mipango ya kununua kwa pamoja kutoka kwa wazalishaji wa Marekani Aemetis na Gevo, ili mzalishaji awe na soko la wengi badala ya mteja mmoja. Nyingine ni sheria. Umoja wa Ulaya unawalazimisha wauzaji wa mafuta viwanjani mwake kuchanganya asilimia 2 ya SAF kuanzia 2025, asilimia 6 mwaka 2030, na kupanda hadi asilimia 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na asilimia 2 mwaka 2025, ikilenga asilimia 10 mwaka 2030. Ukweli usiopendeza kuutamka mikutanoni ni kwamba hiari ilitoa matangazo mengi, lakini amri ndiyo iliyosogeza viwanda.

9. Sheria hiyo ya Ulaya inazigusa ndege zetu?

Inazigusa zinapoondoka Ulaya. Wajibu umewekwa kwa muuzaji, hivyo shirika lolote linalojaza mafuta Amsterdam au Paris kwa safari ya kurudi Nairobi linachangia bei ya mchanganyiko huo. Mashirika yenye safari nyingi kutoka viwanja vya Umoja wa Ulaya yanatakiwa pia kujaza hukohuko angalau asilimia 90 ya mafuta yanayohitajika kwa mwaka, yasije yakabeba mafuta ya bei nafuu kutoka nyumbani. Kubeba mafuta ya ziada kwenyewe huchoma mafuta, kwa sababu ya uzito.

10. Nikilipia SAF ninapokata tiketi, ndege yangu ndiyo itakayoyabeba?

Mara nyingi hapana. SAF huingizwa kwenye matangi ya uwanja ulio karibu na kiwanda, na anayelipa akiwa mbali hupewa haki ya kulidai punguzo kwenye vitabu. Mpango huo una mantiki, kwani kusafirisha mafuta kwa meli hadi kila uwanja kungeongeza hewa ukaa ileile inayopigwa vita. Hatari yake ni tani moja kudaiwa na watu wawili, shirika la ndege na kampuni iliyomtuma mfanyakazi wake safari. Kwa ajili hiyo IATA ilianzisha daftari la pamoja la SAF mwaka 2025. Kabla ya kulipa, uliza kama fedha yako inanunua mafuta au inanunua vyeti vya kufidia (tazama swali la 4), maana kurasa nyingi za tiketi huviweka vyote chini ya picha ya jani la kijani.

## Ndege, viwanja na anga

11. Ndege mpya zinasaidia kwa kiasi gani? Na za umeme je?

Ndege mpya ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, ingawa inakwenda polepole kwa kuwa ndege moja hutumika miaka 20 hadi 25. Boeing 787 ya Kenya Airways na Air Tanzania, Airbus A220 ya Air Tanzania na A330-800 ya Uganda Airlines huchoma mafuta pungufu kwa kiasi kinachofikia robo kuliko ndege za kizazi kilichotangulia. GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa, ambazo zimeunda injini pamoja tangu miaka ya 1970, zinaendeleza mradi uitwao RISE wa injini yenye mapanga ya wazi, kwa lengo la kupunguza asilimia nyingine 20.

Betri hazitoshi kwa safari ndefu: kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba takriban mara 40 ya nishati iliyomo kwenye kilo moja ya betri. Haidrojeni ni nyepesi, lakini lazima ipoozwe kuwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, nayo hujaza nafasi mara nne. Airbus iliyolenga ndege ya haidrojeni mwaka 2035 imekwisha kusogeza mbele tarehe hiyo.

12. Uwanja wa ndege unahusikaje?

Anayepanda ndege kwa ngazi ya nje husikia mvumo mkali mkiani, ingawa injini za mabawani zimezimwa. Huko kuna injini ndogo inayochoma mafuta yaleyale ili taa ziwake na ubaridi uingie wakati ndege imeegeshwa. Desemba 2018 Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ulizindua mtambo wa umeme wa jua wa takriban kilowati 500, pamoja na vifaa vya kuipelekea ndege umeme na hewa baridi pale ilipoegeshwa. Fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, ICAO ikasimamia, na makadirio yalikuwa kuokoa tani 1,300 za hewa ukaa kwa mwaka.

Mfano huu ni mdogo lakini unafundisha. Jua la Mombasa halitoshi peke yake. Wahudumu wa chini wasipofikisha waya mara ndege inaposimama, rubani hatazima injini ya mkiani, kwani joto la Machi katika pwani ile hupanda ndani ya ndege kwa dakika chache na abiria wanaanza kujipepea kwa kadi za usalama. Punguzo liko katika kupatana kwa uwanja, kampuni ya huduma na shirika kuhusu dakika hizo.

13. Na njia za angani?

Kila taifa lina anga yake na waongozaji wake, na njia nyingi bado zinapinda kufuata mitambo ya ardhini au mipaka. Mwaka 2008 Australia, New Zealand na Marekani zilianzisha mpango uitwao ASPIRE juu ya Pasifiki, wa kuiruhusu ndege kufuata upepo unaofaa siku hiyo, kupanda bila kukatishwa, na kushuka mfululizo injini zikiwa karibu kupumzika. Hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Kinachohitajika ni mwongozaji wa nchi moja kumwamini wa nchi jirani. Kwetu, ambako safari ya saa moja inaweza kuvuka anga mbili au tatu, hii ndiyo kazi isiyogharimu sana inayosubiri kufanywa.

14. Ile mistari myeupe nyuma ya ndege ina madhara?

Inayo. Mvuke wa injini huganda kwenye chembe za masizi, na palipo na baridi na unyevu wa kutosha mistari hutanda kama wingu jembamba linalozuia joto kutoka duniani, hasa usiku. Mwaka 2023 Google na American Airlines walijaribu safari 70 ambazo marubani walibadilisha kimo kwa kufuata utabiri wa kompyuta. Mistari ilipungua kwa asilimia 54, na ndege zilizokwepa zikachoma mafuta ya ziada ya asilimia 2. Malengo yaliyotajwa katika swali la 3 yanahesabu hewa ukaa pekee, hivyo mistari hii bado haina mwenyewe.

## Kufidia: mpango wa CORSIA

15. CORSIA inafanyaje kazi?

Ni mpango wa ICAO uliopitishwa Oktoba 2016, baada ya mvutano uliofuatia hatua ya Ulaya ya kutaka kuzitoza ndege zote zinazotua kwake. China, India na Marekani zilipinga, na mwaka 2012 Ulaya ikasimamisha tozo kwa safari za nje. Chini ya CORSIA, hewa ukaa ya safari za kimataifa inayozidi kiwango cha msingi, ambacho tangu 2024 ni asilimia 85 ya kiwango cha 2019, lazima ifidiwe.

Mzigo hugawanywa kwa sekta nzima. Tuseme iliyozidi ni asilimia 10 ya jumla: shirika lililotoa tani 100,000 litanunua vyeti vya tani 10,000, hata kama lenyewe halikukua. Kipindi cha 2024 hadi 2026 ni cha hiari, na nchi kama Kenya, Rwanda na Uganda zilijiunga tangu mwanzo. Kuanzia 2027 ni lazima, isipokuwa kwa nchi maskini zaidi, visiwa vidogo, nchi zisizo na bahari na zile zenye safari chache, ambazo zinaweza kujiunga zikipenda.

16. Vyeti hivyo vinaaminika?

Vingine ndiyo, vingine hapana. Miradi ya majiko banifu imewahi kukosolewa kwa kukuza hesabu ya kuni zilizookolewa, na ya misitu kwa kulinda miti ambayo haikuwa hatarini. CORSIA huchuja aina za vyeti, na hudai nchi ya mradi itoe barua ya idhini kwamba haitalihesabu punguzo hilohilo katika ahadi zake za Mkataba wa Paris. Barua hizo zimekuwa adimu. Guyana ndiyo iliyotangulia kutoa vyeti vilivyokidhi masharti, mapema 2024. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

## Maswali ya pembeni

17. Washindani kukaa pamoja si kukiuka sheria za ushindani?

Huwa hivyo wakizungumzia nauli au wakigawana masoko. Kupanga viwango vya mafuta, kununua kwa pamoja kwa uwazi na kubadilishana mbinu za uendeshaji huruhusiwa katika nchi nyingi, ila mikutano hiyo huwa na mwanasheria ndani ya chumba, na si kwa mapambo.

18. Ni haki Afrika ibebeshwe mzigo huu?

Bara zima lina takriban asilimia 2 ya usafiri wa anga duniani, na ongezeko la nauli huuma zaidi kwetu kuliko kule ambako treni ya kasi ni mbadala. Misamaha ya CORSIA (swali la 15) ni jibu la sehemu tu. Sehemu nyingine ni mitaji na viwanda vya kusafishia mafuta, na hapo hoja ya swali la 6 inarudi.

19. Ndege ndogo za watalii, za wagonjwa na za serikali zimo katika CORSIA?

Ndege za kijeshi, forodha na polisi haziguswi, kwa kuwa Mkataba wa Chicago wa 1944 uliziacha nje tangu mwanzo. Safari za kitabibu, za misaada ya kibinadamu na za kuzima moto zimesamehewa. Vilevile hazihesabiwi ndege zenye uzito wa juu usiozidi kilo 5,700, wala shirika linalotoa chini ya tani 10,000 kwa mwaka katika safari za kimataifa. Safari za ndani ya nchi, kama Dar es Salaam kwenda Mwanza, haziko chini ya CORSIA kabisa. Cessna Caravan inayotua Seronera ikitokea Arusha inatoka kwa sababu mbili, uzito na kuwa safari ya ndani. Mafuta yake huingia kwenye hesabu ya gesijoto ambayo serikali huwasilisha chini ya Mkataba wa Paris.